Shati la Mkutano wa Kaboni

Baba watoto,

Mimi nimetoka. Chakula kiko jikoni, kipashe moto mwenyewe. Watoto wako kwa shangazi yao, wafuate mapema. ~~Nitarudi saa kumi na mbili.~~ Nitarudi nikirudi.

Sasa, ya asubuhi. Gari umeliacha linanguruma chini ya kamba yangu ya nguo, eti injini ipate moto, huku wewe uko sebuleni unajisomea hotuba ya kesho: "Ndugu wajumbe, kila mtu apunguze moshi kuanzia nyumbani kwake!" Nyani haoni kundule. Nguo zote zikanuka kama gereji. Nilipolalamika ukacheka: "Ndiyo maana kuna soko la kaboni, mama. Ukichafua hapa, unalipia miti ipandwe kule, mambo yanasawazika." Kila mwaka mkutano huohuo, na kila mwaka unazidi kunifundisha.

Basi safari hii somo limeniingia. Mashuka nimeyafua upya. Shati lako jeupe la mkutano liko palepale kambani na moshi wake, usihangaike kulitafuta kabatini. Badala yake nimefua la jirani, limetakata, na pasi nimelipiga.

Mambo yamesawazika.

Mama watoto