KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA CHA WAPANGAJI KUHUSU UKUNGU WA UKUTANI, NYUMBA NA. 2

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Nyumba Na. 2, chumba cha mtoto (kwa ombi la Katibu, ili wajumbe wasisimuliwe bali waone)
Muda wa kuanza: saa 4:00 asubuhi kwa mujibu wa tangazo, saa 4:35 kwa mujibu wa saa

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, Na. 6 (juu ya Na. 2)
2. Katibu, fundi cherehani, Na. 2
3. Mweka Hazina, Mama Pacha, Na. 4
4. Fundi Bomba, Na. 1
5. Mzee Redio, Na. 3

MWALIKWA
Mke wa Mwenyekiti (bila haki ya kupiga kura)

WASIOHUDHURIA
Dereva wa lori, Na. 5, kwa taarifa. Yuko safarini.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao akiwa amesimama, baada ya kukikataa kiti kilichokuwa karibu na ukuta. Aliomba kikao kiwe kifupi kwa sababu harufu ya chumba ilikuwa inamuumiza kichwa. Katibu aliomba iandikwe kwamba Mwenyekiti alikuwa amekaa chumbani humo dakika nne, na kwamba binti yake Katibu, mwenye miaka saba, alilala humo na ukungu siku 78. Mwenyekiti alisema hilo si neno la kufungulia kikao. Limeandikwa.

KUMB. NA. 2/7: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA: BARUA KWA OFISI YA MWENYE NYUMBA
Katibu alisoma jibu la ofisi, lililofika tarehe 22 Aprili, siku 80 baada ya barua yetu kupelekwa. Jibu lote ni hili: “Ukungu ni hali ya hewa ya msimu na hutoweka jua likishachomoza. Wapangaji wanashauriwa kufunga madirisha asubuhi.”

Mama Pacha aliuliza iweje ofisi nzima idhani watu wazima wamekaa kikao na kuandika barua kulalamikia hali ya hewa. Katibu alitoa rasimu yake ya kwanza, iliyosema “ukungu wa ukutani, mweusi, unaonuka”. Barua iliyotumwa ilisema “ukungu unaoonekana zaidi asubuhi”. Wajumbe walitaka kujua maneno mengine yalikwenda wapi.

Mwenyekiti alieleza kwamba aliyafuta yeye, kwa kuwa barua ndefu haisomwi. Alisema amefundisha lugha miaka 34 na ukungu ni ukungu. Katibu alijibu kwamba maneno yaliyofutwa ni manne, na manne hayo ndiyo yaliyokuwa barua.

Ilikumbukwa pia kwamba Mwenyekiti, baada ya kupokea jibu hilo, alipita mlango kwa mlango kuagiza madirisha yafungwe kama ofisi ilivyosema. Katibu alitii. Tangu siku hiyo doa la ukungu limeongezeka upana kutoka sentimita 127 hadi 184. Mzee Redio alisema, “Kwa hiyo tumelifunikia joto likue vizuri.” Hakuna aliyempinga.

KUMB. NA. 3/7: HALI YA UKUTA NA YA MTOTO
Katibu aliwasilisha vipimo. Doa lilionekana mara ya kwanza tarehe 20 Desemba, likiwa na upana wa sentimita 12. Tangu hapo amelipima kila Jumamosi kwa utepe wake wa kazi na kuweka alama kwa chaki ya kukatia vitambaa. Alama zote bado zipo ukutani na wajumbe walizikagua.

Mwenyekiti aliuliza kama Katibu anaushonea ukuta suti. Katibu alijibu kwamba suti ingekuwa imeshavaliwa na kuchakaa, kwa sababu yeye akimpa mteja tarehe huifuata.

Kuhusu rangi, ilithibitishwa kwamba ukuta umepakwa mara tatu kwa ushauri wa Mwenyekiti. Rangi ya kwanza ilidumu siku 31 kabla ukungu haujatokeza tena, ya pili siku 19, ya tatu siku 11. Mwenyekiti alipendekeza ipakwe ya nne, safari hii ya mafuta. Katibu alisema kwa mwendo huo ya nne itaota ukungu ikiwa bado kwenye kopo.

Katibu alieleza kwamba kifua cha mtoto kilianza kubana mwezi Februari, na daktari akakataza asilale tena chumbani humo. Tangu tarehe 8 Machi anaishi kwa shangazi yake, mwendo wa saa mbili kwa basi. Leo ni siku ya 98. Kila Jumapili akipiga simu huuliza, “Mama, ukuta umepona?” Katibu alisema amechoka kujibu “bado kidogo”, na kwamba hataondoka kwenye kikao hiki bila tarehe.

Mwenyekiti alisema watoto hukohoa hata kwenye nyumba kavu. Mama Pacha alimwomba asiendelee na sentensi hiyo, naye hakuendelea.

KUMB. NA. 4/7: CHANZO CHA MAJI
Fundi Bomba alieleza kwamba ukungu hauoti bila maji, na maji hayapandi juu kutafuta kazi. Juu ya ukuta huu ni bafu la Na. 6, lililowekwa vigae vipya tarehe 6 Desemba. Katibu aliongeza kwamba kati ya vigae na doa ni siku 14. Mwenyekiti alisema hiyo ni sadfa, kwamba vigae vyake ni vya daraja la kwanza, na kwamba wivu wa vigae umeanza kuota kabla ya huo ukungu.

Fundi Bomba aliomba kumwaga maji yenye bluu ya kufulia kwenye tundu la sakafu ya bafu hilo, ili ijulikane yanaishia wapi. Mwenyekiti alijibu, “Mwageni hata wino. Vigae vyangu havivuji.” Katibu aliomba maneno hayo yaandikwe kama yalivyotamkwa.

Mke wa Mwenyekiti alipanda juu na ndoo ya lita kumi na pakiti mbili za bluu. Alimwaga saa 4:58. Mzee Redio aliomba ruhusa ya kuleta redio wakati wa kusubiri. Alikataliwa.

Mwenyekiti alitumia muda huo kuzungumzia usafi wa ngazi. Alikuwa kwenye hoja ya tatu, mgongo ukielekea ukutani, Mama Pacha alipomwambia, “Mwenyekiti, geuka polepole.” Ilikuwa saa 5:21. Bluu ilikuwa imetokeza kwenye alama ya chaki ya mwezi Februari na ilikuwa inashuka.

Mwenyekiti aliigusa kwa kidole cha shahada, akakitazama, akakinusa. Alisema huenda imetoka kwingine. Fundi Bomba aliuliza, “Mzee wangu, kuna nani mwingine huko juu anayeoga bluu?”

Mke wa Mwenyekiti alirudi na kuuliza kama imeonekana. Alipooneshwa alisema, “Si nilikwambia siku ile ile? Yule fundi wako wa vigae hakuunga kiwiko cha bomba, alikiziba kwa saruji. Ukaniambia nisikutie aibu mbele ya fundi.” Mwenyekiti alimkumbusha kwamba yeye ni mwalikwa na hapigi kura. Alijibu, “Sipigi kura, baba watoto. Napiga deki. Nusu ya maji ya bafu siyaoni yanakokwenda, miezi sita sasa.”

Mwenyekiti aliomba kiti. Kilichokuwa wazi ni kile cha karibu na ukuta, akakikalia.

KUMB. NA. 5/7: MAAZIMIO
Kwa kura nne, hakuna aliyepinga, Mwenyekiti hakupiga, iliazimiwa kwamba:

(a) Vigae sita vya bafu la Na. 6 vivunjwe Jumatatu, tarehe 16 Juni, na kiwiko kiungwe upya. Mwenyekiti alipendekeza vivunjwe viwili. Fundi Bomba alisema bomba halina heshima ya namna hiyo.

(b) Plasta yote iliyolowa ibanduliwe. Kabla ya hapo ukungu ufutwe kwa kitambaa kibichi, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, na usisuguliwe kwa brashi kavu, maana vumbi lake ndilo linaloingia kifuani. Godoro la mtoto litupwe. Katibu alisema alilitupa mwezi Machi.

(c) Ukuta uachwe wazi siku 21, kuanzia tarehe 18 Juni, madirisha yakiwa wazi, ofisi ipende isipende. Mwenyekiti aliona siku saba zinatosha. Fundi Bomba alisema ukuta uliokunywa maji miezi sita hauwezi kuyatoa kwa wiki moja. Kabla ya plasta mpya, karatasi ya nailoni ibandikwe ukutani siku nzima, na ikitoka jasho upande wa ndani, kazi isubiri.

(d) Barua mpya iende ofisini ikisema “ukungu wa ukutani, mweusi, unaonuka”. Mwenyekiti aliomba iandikwe “unyevu kidogo”. Ombi lilikataliwa. Barua haitapunguzwa neno.

(e) Nailoni ikiwa kavu, mtoto arudi nyumbani Jumamosi, tarehe 19 Julai.

Mwenyekiti aliomba maneno yake kuhusu wino yaondolewe kwenye kumbukumbu. Wajumbe hawakuona sababu. Kisha, bila kuulizwa, alisema atamwaga mwenyewe ndoo ya pili ya bluu kiwiko kikishaungwa, na Katibu asimame huku chini na utepe wake. Katibu alikubali.

KUMB. NA. 6/7: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 6:10 mchana. Mwenyekiti ndiye aliyefungua dirisha.

Nakala: Ofisi ya mwenye nyumba, ubao wa ngazi, shangazi wa mtoto, ili naye awe na tarehe ya kumwambia.

Sahihi ya Katibu: ........................
Sahihi ya Mwenyekiti: ........................

Angalizo la Katibu: Doa la bluu lililo pembeni mwa sahihi ya Mwenyekiti ni la kidole chake. Alitaka ukurasa uandikwe upya. Wajumbe waliamua ubaki hivyo hivyo.