Nyumba Iliyouzwa Mara Mbili

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kikohozi cha kitinda mimba kimepoa. Mimi sijambo, ila roho haijatulia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Tangu utotoni hujui kusikiliza hadi mwisho.

Najua unasubiri mkopo wa benki ufungue karakana yako ya ushonaji, na mwenye jengo amekupa hadi mwisho wa mwezi tu. Faili la kuthamini nyumba yako, hiyo unayoiweka rehani, lilikuja ofisini kwetu. Sikupewa mimi, maana mtu hathamini nyumba ya ndugu yake. Alipewa Miwani, mwenzangu tunayegawana meza. Unadhani nilifurahi? Thubutu! Nilijisemea, haya, hata kazini kanifuata.

Basi Miwani akakwama. Nyumba zinazofanana na yako ziliuzwa miaka miwili iliyopita, na soko la leo si la siku zile. Anaruhusiwa kuzipandisha bei hizo ziendane na sasa, lakini lazima athibitishe soko limepanda kiasi gani. Bosi wetu ukimwambia watu wanasema bei zimepanda, anakuuliza watu gani hao, na wamenunua nini. Bila ushahidi, thamani ingebaki ya zamani na mkopo usingetosha. Ushahidi mzuri ni nyumba ileile kuuzwa mara mbili bila kubadilishwa hata kitasa.

Mtaani kwenu ipo moja tu, ile mliyopakana nayo ukuta kwa ukuta. Yangu.

Aliyenunua kwangu miaka miwili iliyopita kaiuza mwezi uliopita na kuhama nchi. Bei yake Miwani anayo, ila yangu hakuijua. Aliponiuliza, nikasema nimesahau. Wiki nzima alihangaika na simu, nami nakunywa chai yangu. Nilitaka mara moja tu, Dada, wewe ukose. Mama kila akipiga ni mwone dada yako, mwone dada yako. Nimechoka!

Jana ukanitumia ujumbe kuuliza vipimo vyangu, eti gauni la kwanza la karakana ni langu. Ulinikomesha kabisa.

Leo nimempa Miwani mkataba wangu. Alipolinganisha bei mbili akaniangalia kwa huruma, akauliza kwa nini niliharakisha kuuza kabla soko halijapanda vile. Nikasema ni mambo ya kazi, kama nilivyowaambia nyinyi. Uongo mtupu. Kila jioni mlikuwa mnacheka, wewe na shemeji na wanao, na ukuta ule ni mwembamba. Mimi nimekaa na sahani yangu moja. Ningeuza hata kwa nusu ya ile bei.

Mkopo wako sasa utatosha. Kiunoni ongeza kidogo, nimenenepa. Wivu bado upo, usidhani umeisha.

Nisalimie wote humo ndani. Na huyo jirani mpya akihamia, Dada, chekeni polepole.

Mdogo wako wa tumbo moja