Chupa Iliyokuwa Mkobani Mwangu

Chumba Na. 4,
Nyumba za Mafundi.
Jumamosi, 8 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, na pole na kazi za ugenini. Wifi hajambo? Na Kibonge wenu ameshasimama dede, au bado anasota kwa makalio? Sisi huku tu wazima, ila jicho la Mama, na ndilo lililonikalisha niandike. Kwa simu nimejaribu sijui mara ngapi. Nikisikia sauti yako tu nageuza maneno, nakuuliza habari za mvua.

Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unakumbuka mwaka juzi nilipokatwa kile kinyama kilichoniotea jichoni mpaka kikakaribia mboni. Nilirudi na chupa ya matone ya kupunguza wekundu, na mdomo mrefu. Nikawa najua kila kitu cha macho, mkaniita Daktari, na jina likaniingia kichwani. Matone yalibaki nusu chupa. Sikuyatupa, unajua kwetu dawa haitupwi.

Basi Mama alipochomwa na njiti ya ufagio akifagia uani, kesho yake jicho likaamka jekundu. Alitaka kwenda kliniki. Niliyemzuia ni mimi. Nilimwambia akapange foleni ya nini na dawa ipo ndani? Nikamlaza kitandani nikamdondoshea kwa mkono wangu. Siku tatu wekundu ukapungua, nikatamba mpaka kwa majirani. Siku ya tano akaacha cherehani, akasema haoni tundu la sindano. Kumtazama, pale penye weusi wa jicho palikuwa na doa jeupe kama tone la uji.

Kliniki, daktari alimwegemeza kidevu kwenye ile mashine yao, akamtia rangi ya manjano jichoni, akawasha mwanga wa buluu. Kidonda kikang'aa kijani, hata mimi niliyesimama nyuma nilikiona. Akakikwangua kidogo apeleke maabara. Halafu akauliza kama mgonjwa ametumia dawa yoyote kabla ya kuja.

Kaka, chupa ilikuwa mkobani mwangu. Nilikodolea macho yale maherufi ya ukutani kama mimi ndiye ninayepimwa. Mama akajibu kuwa alijinunulia dawa mtaani na chupa ameshaitupa. Akagombezwa pale pale, mtu mzima yule, mbele ya wagonjwa wenzake.

Nawe ulipopata habari ukampigia, ukamwambia ni mkaidi, anapenda vya rahisi, na akipofuka asije akakulilia. Simu ilikuwa kwenye spika. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, nikaendelea kukata.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakunitaja kwa daktari. Akasema, "Ningekutaja ungetetemeka mkono. Na dawa angenitilia nani?" Maana alipewa matone ya kila saa, na mtiaji ni mimi.

Wiki mbili nzima zilipita ndipo nikarudi kwa daktari peke yangu, nikamwekea chupa mezani. Aliisoma. Akanieleza kuwa dawa ile huondoa wekundu, lakini pia huilaza kinga ya jicho, na kidonda cha Mama kilikuwa na kuvu. Angejua siku ile, angeanza dawa ya kuvu bila kungoja majibu ya maabara. Majibu yalichukua siku sita. Siku sita hizo nimezila mimi. Hakunigombeza, aliandika tu kwenye faili, na mimi nilitaka sana anigombeze.

Sasa ni miezi mitano. Kidonda kimepona lakini kioo cha mbele cha jicho kimebaki na kovu zito, anaona mwanga na kivuli cha mkono, basi. Alhamisi watakikata na kumshonea kingine, cha marehemu aliyeacha idhini. Nyuzi kumi na sita, nyembamba kuliko unywele. Mama kashikilia aonyeshwe huo uzi, na aambiwe ni mshono gani, mpaka daktari kacheka. Lakini ahadi hakuna. Jicho linaweza kukikataa.

Jana nilimuuliza kama anaogopa. Habari ya jicho hakuigusa. Alisema, "Wewe kaka yako anakupigia. Mimi hajanitafuta tangu siku ile."

Hapo nimeshindwa, Kaka. Maneno yote uliyomwambia yalikuwa yangu. Niandikie mimi, hata yawe makali kuliko yale, nitayasoma. Nimekuwa mwoga, nikamwachia mama yetu aibu yangu miezi mitano, na kila siku nakula naye sahani moja.

Nisalimie sana wifi, umbusu Kibonge. Shangazi mshona viatu anakusalimu, anauliza lini utakuja. Mungu awape afya na awafungulie njia huko mliko.

Barua hii anakuletea jirani yetu dereva wa lori, kwa hiyo Jumatatu utakuwa nayo. Mama hajui kama nimekuandikia. Mpigie kabla ya Alhamisi. Simu yake huiweka upande wa jicho zima, aione ikiwaka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya.