Kiroba Kilichoandikwa Nguo

Mchafukoge, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya lolote nataka kujua mgongo wako unaendeleaje, na kama Baba ameacha ile tabia ya kwenda shambani jua likiwa utosini. Mimi ni mzima, na ni zaidi ya mzima. Nimenenepa, nacheka peke yangu jikoni, na majirani wa ghorofa ya chini wananiita Bi Harusi hata ninaposhuka kumwaga takataka.

Najua Baba ndiye anayekusomea, kwa sababu macho yako siku hizi hayataki maandishi madogo. Namwomba mistari inayofuata asiisome. Nimeiandika kwa herufi kubwa uisome mwenyewe.

MAMA, IDRISA AKITOKA KAZINI HUZUNGUKA NJIA NDEFU ILI ANILETEE ASUMINI. NAZIJUA NYAYO ZAKE TANGU NGAZI YA KWANZA, NA MOYO UNAPANDA NAYE NGAZI ZOTE.

Baba, endelea hapa. Ahsante.

Mama, uliniuliza kwenye simu kama mzigo ulifika, nikakujibu umefika, mtandao ukakatika. Ni kweli ulifika. Lakini ulivyofika ni habari ndefu, ndiyo maana nimeamua kukuandikia.

Unajua kwamba tunakaa na mama mkwe wangu, na kwamba tangu atoke hospitali alikuwa hali chakula. Uji aliugusa kwa ncha ya ulimi, wali akausogeza pembeni. Daktari alishasema akiendelea hivyo atarudishwa wodini. Siku moja nikakaa miguuni pake nikamwuliza, "Mama, roho yako inataka nini?" Akafumba macho. Si unajua alizaliwa huko kwetu Newala, akaletwa mjini angali msichana? Akasema, "Ming'oko. Ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na maganda yake." Nikamwambia ataipata, na ataipata kwa mkono wangu. Ndipo nikakupigia siku ileile.

Ukachimba, Mungu akulipe. Ukaifunga kwenye kiroba, ukakishona mdomo, ukaandika jina langu, na chini yake ukaandika NGUO. Sikulaumu, Mama. Kwetu nani haandiki nguo? Kitu kibichi watu wa mizigo wanataka kifungwe kwenye tenga, na nauli yake iko juu. Nguo hazina maswali.

Basi nikaenda ofisi ya mizigo hapa mtaani kwetu, nimevaa lile gauni la njano, nimebeba na kikapu. Nikakuta watu wamejaa hadi barabarani. Mlangoni kulibandikwa tangazo kwamba kampuni inawaomba radhi wateja, kuna mgogoro kati yake na chama cha wafanyakazi. Wafanyakazi walikuwa wametoa notisi ya mgomo. Huku wakisubiri majibu, walifanya kazi saa za mkataba tu. Lori likiingia jioni linalala na mzigo wake, na viroba vilikuwa vimerundikana ghalani mpaka vinakaribia dari.

"Mgomo wenu sisi unatuhusu nini?" kaka mmoja alikuwa anafoka. Mama mmoja mwuza vitenge wa Kariakoo naye akadakia, "Wateja wangu wa mikoani wananiita tapeli! Mimi tapeli? Na umri huu?"

Nyuma ya kaunta alisimama dada wa makamo anayeitwa Leokadia. Yeye ni mpakiaji, na ndiye katibu wa tawi la chama chao. Akapaza sauti, "Jamani, hatujagoma. Na tumekubaliana dawa na vyakula vitoke leo, hatutaki kumwumiza mgonjwa wala mwenye njaa. Mwenye mzigo wa chakula asogee huku."

Mama, nilisogea kama niliyeitwa kupokea zawadi. Nikamtajia jina, akatazama daftari, akaniambia, "Salma, wa kwako ni nguo."

"Ni ming'oko, dada."

"Ming'oko ndiyo mtindo gani huo? Inavaliwa na mtandio?"

Watu wakaangua kicheko. Nikaanza kueleza, na sijamaliza, yule kaka aliyekuwa anafoka akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi zangu ni nguo. Ila zina mapezi." Mwanafunzi mmoja wa chuo akasema zake ni parachichi. Kicheko kikazidi.

Leokadia hakucheka. Akasubiri tunyamaze, kisha akasema, "Sasa niwaambie kwa nini tunataka kugoma. Parachichi likioza ndani ya hizo nguo zenu, likachafua mzigo wa mwenzako, mwenye mzigo analipwa. Anayelipa unamjua? Aliyeupakia. Anakatwa kwenye mshahara. Mwezi uliopita mwenzetu amekatwa kwa ajili ya samaki ambao hakuwahi kuwaona. Tunataka jambo hilo liondolewe kwenye mkataba, wakubwa hawataki. Na ghala zima nikilifungua leo kutafuta nguo zenye mapezi, hiyo ni kazi ya saa za ziada, ambazo pia hawatulipi."

Nikarudi nyumbani na kikapu kitupu. Mama mkwe akaniuliza kwa macho tu. Nikamwambia bado kidogo.

Idrisa naye alirudi na hasira zake, kwa sababu vitambaa vya dukani kwao vimekwama ghala hilohilo. "Mke wangu, usiwatetee hao. Leo bosi amenifokea kana kwamba mimi ndiye niliyelaza lori." Nikamwuliza, "Na wewe ukikatwa mshahara kwa kitambaa kilichotoka kiwandani kimechanika?" Akaenda kunawa mikono. Ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza, Mama, na ulikuwa mfupi kuliko kuchemsha chai. Tulikula sahani moja kama kawaida, na katikati ya kula akasema, "Kesho nitaomba ruhusa. Twende wote."

Asubuhi meneja mwenyewe akatoka mbele yetu, amefunga tai. Akasema kwa upole kabisa, "Wateja wetu, mnaona wenyewe nani anawatesa. Naomba kila mmoja aandike malalamiko dhidi ya chama, tuyapeleke kunakohusika." Makarani wake wakaanza kugawa karatasi. Leokadia alisimama pembeni na wenzake, mikono nyuma.

Ukutani kulikuwa na kanuni za kampuni: mzigo ulioandikiwa uongo unaweza kuchukuliwa na kampuni. Nikajua nikisema ukweli mbele ya meneja, huenda ming'oko nisiione kabisa. Nikinyamaza nikaandika malalamiko, labda ningeipata, na kama imechafua kitu, yupo mtu ambaye watoto wake wangepungukiwa mwezi ule. Nikamfikiria mama mkwe na sahani yake ya wali isiyoguswa. Nikanyoosha mkono kama nipo darasani.

"Samahani, Meneja. Kiroba changu kimeandikwa nguo, na ndani mna chakula. Kama kimechafua mzigo wa mtu, nilipe mimi. Asikatwe aliyekibeba."

Kaka wa mapezi akasema, "Na mimi vilevile." Na wa parachichi. Na wengine, na wengine, mpaka zile karatasi za malalamiko zikawa za kujipepea.

"Mnajua kanuni inasemaje?" meneja akauliza.

"Tunaijua," nikasema. Idrisa alikuwa amenishika vidole, akavikaza.

Meneja akaingia ndani. Alipotoka alisema mizigo hiyo ifunguliwe mbele yetu, kila mwenye wake asimamie madhara yake, na kwa mizigo hiyo hakuna mpakiaji atakayekatwa. Sidhani alitupenda ghafla. Nadhani hakutaka kubaki na ghala la samaki.

Kiroba chetu nilikijua kwa harufu. Zaidi ya nusu ilikuwa imeoza, na maji yake yalikuwa yamelowesha robota la vitenge. Vya nani? Vya yule mama wa Kariakoo! Nilivibeba vyote, nikavifua kwa mikono yangu, nikavianika juu ya paa, nikavipiga pasi. Alivinusa kimoja kimoja, akasema, "Una bahati unafua vizuri. Ningekuvalisha hicho kiroba."

Nilikwenda pale nikijiona nimeonewa, Mama, na nilikuwa nimeonewa kweli. Lakini mwenzangu pia alikuwa ameonewa, na kwa mkono wangu. Wafanyakazi na kampuni bado wanazungumza. Hawajagoma, na hawajaelewana. Tangazo lipo palepale mlangoni. Kwa hiyo nakuomba, ukituma tena uandike ming'oko, uifunge kwenye tenga, na nauli utuachie sisi.

Iliyosalimika ilienea kwenye pindo la khanga. Niliichemsha kwa moto mdogo mpaka harufu ikashuka hadi kwa majirani. Mama mkwe akaimenya mwenyewe. Akala mmoja, taratibu. Akala wa pili. Mimi na Idrisa tumesimama hata kupumua hatuthubutu. Kisha akaniinulia macho.

"Mkwe."

"Abee, Mama."

"Chumvi umeiogopa?"

Idrisa akageukia ukutani akajifanya anafunga dirisha, na mabega yake yanatikisika. Mimi nilikimbilia chumvi huku nalia na kucheka. Tangu nizaliwe sijalaumiwa nikafurahi namna ile. Akamaliza sahani, na jioni akaomba uji.

Anakusalimu sana, anasema mkono wako haujawasahau waliotoka nyumbani. Nisalimie Baba msomaji wetu, bibi mzaa baba na kiko chake, dada Mwanaidi na mimba yake, na shangazi aliyenipaka hina. Idrisa anakuamkia shikamoo, na anasema ahsante kwa kunizaa. Nimemwambia siwezi kuandika hivyo, akasisitiza.

Ni mimi binti yako Salma, mke wa Idrisa, jina ambalo bado naliandika polepole ili lisiishe haraka.