Nimewaona Farasi, Wakwe Hawanitaki

Mpendwa Mama Glenys,

Naomba unisaidie, maana nyumbani sisemeshwi. Nimeolewa na Lachlan miaka kumi na tisa, na kila Jumanne ya kwanza ya Novemba tunakwenda na wakwe zangu Flemington kwenye Kombe la mbio za farasi, maegesho ya wanachama, chini ya mti uleule, tunafungua buti la gari, tunatandika kitambaa cheupe, tunakula sandwichi za kuku na kunywa shampeni mpaka kofia zinakaa upande, na miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona farasi, kelele zikipanda tunajua mbio zimeanza, zikishuka tunajua zimekwisha, kisha baba mkwe, Mzee Desmond, mwenye miaka themanini na moja, husimama na glasi yake akatusimulia mbio zilivyokwenda, nasi tukapiga makofi. Mwaka huu niliaga naenda msalani, nikapitiliza mpaka kwenye uzio wa njia ya mbio. Mama, niliwaona. Ardhi ilitetemeka, nikalia. Niliporudi, baba alikuwa anawaeleza wageni jinsi mshindi alivyoongoza tangu mwanzo, na mdomo ukaniponyoka: "Baba, mbona alitoka nyuma kabisa?" Mama mkwe akatazama viatu vyangu vilivyojaa nyasi, akauliza, "Kwani wewe umetoka nje ya maegesho?" utadhani nimetoka nje ya ndoa. Sasa kiti changu cha mwakani kapewa shangazi yake Lachlan, na Lachlan anataka niombe radhi, niseme sikuona vizuri. Nifanyeje?

Bronwyn, Essendon

Bronwyn,

Pole, lakini umeyataka mwenyewe. Unamsahihisha mkwe mbele ya wageni, glasi iko mkononi? Mimi nina miaka thelathini kwenye maegesho yale, safu ya pili kutoka kwenye bustani ya mawaridi, na farasi namjua kwa harufu tu. Kule hatuendi kutazama, mwanangu, tunakwenda kutazamwa. Miaka kumi na tisa hukuligundua hilo?

Hata hivyo usithubutu kusema hukuona. Omba radhi kwa kumwaibisha mzee, ukomee hapo, na huyo Lachlan mwambie aache woga.

Sasa nisikilize. Mtu anayesimulia kila mwaka kitu asichokiona, unadhani hatamani kukiona? Anaona haya tu kuuliza njia mbele ya wageni. Novemba ijayo, wakupe kiti wasikupe, vaa viatu vya chini uende. Mshike mzee mkono, useme wote wasikie: "Baba, nisindikize, naogopa umati." Mkifika kwenye uzio mwache asimame mbele, na farasi wakipita, usimtazame usoni.