Kiitikio Nilichokitoa Unyagoni

Mpendwa Shangazi Editha, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, maana jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu nyumbani wala kwenye bendi, na nikiendelea kukaa nalo kifuani nitaugua.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mtoni, naimba katika bendi ya watu wanne iitwayo Mbao Mbichi, jina tulilipata kwa sababu tunafanyia mazoezi nyuma ya karakana ya wachonga vinyago pale Mwenge, kwa baba yake Venance, mpiga gitaa wetu, na wenzangu wengine ni Fakihi wa ngoma na Anwar wa besi, na Shangazi, nikisema hawa vijana wana vipaji sitii chumvi, Venance akishika gitaa hata wachongaji huacha patasi wakasikiliza, na kwa miaka mitatu hawajawahi kunivunjia heshima hata siku moja.

Sasa mwaka jana tulikuwa tunahangaika na wimbo mmoja, beti zimekaa vizuri lakini kiitikio kimegoma, mimi nimekaa juu ya gogo nasubiri, nikajikuta naimba chini chini wimbo alionifundisha somo yangu, Bi Hija, siku zile nilipokuwa mwali nimewekwa ndani. Venance akaruka, "Hiyo hiyo! Tabu, rudia hapo hapo!" nikarudia, Fakihi akaingia na ngoma, na Mungu anisamehe, ulikuwa mzuri hadi mwili ukanisisimka. Anwar akauliza, "We, umetunga sasa hivi?" Nikajibu ndiyo.

Nyimbo zile ni za ndani, Shangazi, haziimbwi mbele ya mwanamume wala mbele ya asiyechezwa unyago, niliambiwa hivyo na nikakubali. Mwanamume akiusikia ataona ni wimbo wa kutwanga tu, lakini mwanamke wa kwetu anajua. Mama Najma anayetuletea chai alisimama na birika mkononi akaninong'oneza, "Mwanangu, huo unauimba mbele ya hawa?" akaondoka bila kuchukua vikombe vyake.

Sasa kampuni ya muziki imetupenda, meneja wake Bwana Elibariki anasema wimbo huo ndio utakaotangulia kutoka kwa sababu ya hicho kiitikio, wenzangu wana furaha hadi wanalia, na mkataba una kifungu kinachosema maneno na sauti vyote ni utunzi wangu mwenyewe, tunasaini Jumatatu. Nikisaini namwibia Bi Hija, ambaye ndiye mtu wa kwanza kuniambia nina sauti, na nikikataa nawavunja wenzangu bila hata kuweza kuwaeleza sababu, kwani kueleza kwenyewe naona ni kutoa siri. Nifanyeje?

Tabu, Mtoni

*

Marahaba, Tabu. Hilo ni jina nililokupa mimi, na mengine yote nimeyabadilisha, la bendi pia.

Kwanza nikugombeze, tumalize. Mwisho wa barua yako umeniandikia mistari miwili ya wimbo wenyewe, eti nielewe. Ulikuwa unafikiria nini? Mhariri wangu, Wilbert, ni mwanamume! Nimeifuta kwa wino mweusi kabla hajaiona, akaniuliza pana nini hapo, nikamwambia mambo ya jikoni. Mimi ni mtu wa kusini, nyimbo za kwetu si kama zenu, lakini nimechezwa na sihitaji maneno ili nielewe. Wimbo kukuponyoka ukiwa juu ya gogo, hilo nakusamehe. Ile "ndiyo" uliyomjibu Anwar sikusamehei. Ulijimilikisha kazi ya wanawake ambao hata majina yao huyajui.

Basi. Sasa nikusifu, maana unastahili. Nimekaa kwenye ukurasa huu miaka kumi na tisa na ni mara chache napata barua ya mtu aliyekwishafunguliwa mlango, akasimama kizingitini akamfikiria aliyemlea. Bi Hija alikucheza ukachezeka. Na hao vijana wako nimewapenda. Miaka mitatu ya mazoezi kwenye vumbi la mpingo, bila kumvunjia heshima mwanamke mmoja aliye kati yao, si jambo dogo katika mji huu.

Kwa hiyo waamini. Waambie leo: "Kiitikio sikukitunga mimi, niliwadanganya. Kina wenyewe, naenda kuwaomba radhi, msiniulize zaidi." Hapo umetoa siri gani? Hakuna. Watanuna, hasa Anwar, na wana haki. Bwana Elibariki naye mwambie kifungu hicho hakisainiwi kama kilivyo, akupe wiki mbili. Kampuni inayowataka nyinyi itasubiri. Isiyosubiri ilikuwa inataka kiitikio tu.

Kisha nenda kwa Bi Hija, leo hii, kwa sababu gazeti hili linafungiwa vitumbua hadi Mtoni na yule mama ana macho. Usipige simu, usimtume mama yako. Chukua doti ya kanga, kaa chini, sema uliuimba wapi, mbele ya nani, mara ngapi. Na usianze kulia, nyie watoto wa siku hizi mnalia ili msigombezwe. Mwache agombeze hadi achoke.

Akishachoka ndipo umwombe. Zipo nyimbo za ndani na zipo za uwanjani, zile zinazoimbwa siku ya kumtoa mwali, wanaume wamesimama wanatazama. Muulize kama atakupa mmoja katika hizo. Akikupa, jina lake liandikwe kwenye mkataba na kwenye wimbo, kwa herufi kubwa kama zako, na umkaribishe studio akusahihishe.

Akikataa katakata, wimbo huo uondoe, mtangulize mwingine. Beti ulizitunga wewe, na kiitikio utakitunga. Utalia, wenzako watalia, na huenda kampuni ikaondoka. Kampuni zitakuja nyingine, mwanangu. Aliyekucheza ni mmoja, na siku uchungu wa uzazi ukikushika, hutamwita Bwana Elibariki.