Kilichomkata Farasi wa Ndia Kuu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kadenge Kiti
Umri: Miaka 49
Kazi: Muuza maji kwa mkokoteni wa punda
Makazi: Mji wa Kale, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, Mombasa
Tarehe: 24 Septemba 2025, saa 2:00 asubuhi
Mbele ya: Koplo Nanjala

Mimi ndiye mwenye jina hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Jana polisi walimkamata Kenga, mchunga farasi, uani kwangu. Nasikia atapelekwa kortini kwa kumjeruhi farasi wa Bwana Kamaludin. Kenga hakumjeruhi. Naeleza tangu mwanzo.

Mnamo tarehe 9 Agosti, Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, palikuwa na harusi Ndia Kuu. Bwana harusi aliletwa juu ya farasi aitwaye Waziri. Ni wa Bwana Kamaludin, ambaye hukodisha farasi kwa harusi, na siku nyengine Waziri hubeba watoto kule karibu na Feri. Kenga ndiye aliyeshika kamba. Mimi nilikuwa nimeegesha mkokoteni karibu na ukuta, nammiminia mama mmoja maji.

Vijana wakarusha fataki. Waziri akaruka. Bwana harusi alidakwa na wajomba zake, hakuumia, ila kilemba hakikuonekana tena. Farasi akajipenyeza kati ya ukuta na mkokoteni wangu, pahali ambapo hata mimi hupita ubavu. Nilisikia mkokoteni umetikisika. Alipotokea upande wa pili, mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umechanika chini ya goti, mfupa unaonekana mweupe.

Mkokoteni wangu ulikuwa na chuma kimetokeza pembeni. Nilikichomelea mwenyewe, cha kutundikia mitungi. Mke wangu Dama alikuwa ameshararuliwa leso mbili na chuma hicho. Aliniambia, "Kadenge, kikate kabla hakijakata mtu." Nikasema nitakikata. Siku ile nilikitazama, kina damu na nywele za farasi. Watu wote walikuwa wanamwangalia Waziri. Nikakipangusa kwa kitambaa, nikamgeuza punda, nikaondoka. Jioni nilikikata kwa msumeno nikakificha chini ya gunia la pumba.

Niliogopa kufukuzwa Ndia Kuu na mkokoteni wangu. Sina sababu nyengine.

Kesho yake nilimkuta Kenga amekaa chini, ameshika kamba ya farasi. Bwana Kamaludin alikuwa ameagiza Waziri adungwe sindano afe, kwa kuwa farasi wa miguu mitatu si farasi. Nikamwambia Kenga, "Mlete kwangu, pana kibanda cha punda." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita kaka. Tulimchukua bila ruhusa ya Bwana Kamaludin, yeye akadhani ameshakufa. Hilo tulilifanya sote wawili.

Mimi najua punda, nikadhani farasi ni punda mkubwa. Nilimpaka oili chafu ya gari kwenye kidonda. Kenga alimleta daktari wa mifugo, Daktari Awiti. Alipoona kidonda aliuliza,

"Nani amepaka hii?"

"Mimi, daktari. Punda wangu nilimpaka hivyo akapona."

"Alipona licha ya oili yako, mzee."

Alituonyesha kazi. Kumwagia mguu maji safi yenye chumvi asubuhi na jioni, kumfunga kwa bendeji, kutomruhusu kutembea ovyo. Baadaye alitukubalia tumpeleke baharini asimame kwenye maji mpaka magotini. Waziri alipenda. Alikuwa akifumba macho. Ishaq, muuza kahawa, alikuwa akija kutazama na birika lake, akisema, "Hata mawaziri wa serikali hawaoshwi miguu namna hii."

Nakiri kwamba kile kidonda kilinivuta. Kila nikifungua bendeji nilitaka kujua kumetokea nini tangu jana. Sikuwahi kumwangalia mnyama wangu mwenyewe hivyo.

Lakini Kenga yeye alitaka kujua jambo jengine. Alikuwa akiuliza, "Kaka, ni nini kilichomkata?" Aliamini kamba ilimponyoka kwa uzembe wake, hilo hakulipinga, ila alitaka kukijua kile kitu. Alikuwa akienda Ndia Kuu anatembea ameinama, anapapasa vizingiti, baraza za mawe, misumari ya milango. Wenye maduka wakimcheka, "Wewe, umepoteza pete?" Akijibu, "Nikikipata nitakitoa, asikatwe mwengine."

Siku moja alinitaka twende pamoja. Nikaenda. Niliinama naye, nikapapasa milango ya watu ambayo nilijua haina kosa. Tulipofika pale nilipoegesha siku ile, aliweka kiganja ukutani akasema, "Hapa damu ndipo ilipoanzia, lakini ukuta ni laini. Ajabu." Mimi nikasema, ajabu kweli. Nilipomhadithia Dama hayo nyumbani, aliacha kula. Alisema, "Mwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi." Nikamwomba angoje farasi apone.

Mwezi huu wa Septemba nyama ilijaa kwenye kidonda, nyekundu, imevimba juu. Tulifurahi sana. Jana, tarehe 23, saa 4 asubuhi, Daktari Awiti alikuja akatikisa kichwa. Alisema nyama imekua kuliko ngozi, na ngozi haiwezi kupanda kilima, kwa hiyo lazima aikate iwe sawa. Kenga akauliza kama Waziri atasikia uchungu. Daktari akasema, "Nyama hii haina hisia. Ila itatoka damu nyingi, msiogope." Ikawa kweli. Damu ilitiririka na Waziri akaendelea kutafuna nyasi. Sikujua kuna nyama ya namna hiyo.

Daktari alifunga mguu akaenda zake. Mimi nikatoka na punda kuleta maji, Kenga akabaki kuosha sakafu. Maji yale mekundu yalipita mtaroni mpaka barabarani. Watu wakapiga kelele, "Wanachinja farasi! Kesho tutauziwa mishikaki!" Niliporudi, polisi walikuwa wameshamchukua. Bwana Kamaludin alikuja kituoni akaandikisha kwamba Kenga alimjeruhi farasi wake makusudi kisha akamficha. Dama alikuja kumletea Kenga chakula, akasikia alivyojibu alipoulizwa. Alijibu, "Kosa ni langu, kamba nilikuwa nayo mimi."

Dama aliporudi hakunigombeza. Aliinua gunia la pumba, akatoa chuma, akakiweka mezani nilipokuwa nakula. Nimekuja nacho, kimefungwa kwa gazeti.

Niliyoyatenda na niliyoyaona ndiyo haya. Nimesomewa, nikakubali ni maneno yangu, na sikulazimishwa na mtu.

Sahihi: K. Kiti

MAONI YA AFISA

Nimeandika kama shahidi alivyotamka. Kipande cha chuma kimepokelewa kuwa kielelezo. Nimeongea kwa simu na Daktari Awiti, amethibitisha matibabu, na anasema mguu utapona iwapo kazi haitakatizwa. Shahidi amebaki kituoni.

Kwa amri ya mkuu wa kituo, Kenga ameachiliwa saa 5:10 asubuhi. Nilimsomea maelezo haya kabla hajatoka na kumwonyesha chuma. Alikishika muda mrefu. Nilimuuliza kama angependa kuonana na shahidi, akasema hapana. Aliniuliza kama kuna mtu amemuosha farasi leo. Nilimjibu sijui. Ameondoka mbio. Viatu tulivyomvua jana alipoingizwa ndani vingali hapa kaunta.

Koplo Nanjala